Kiti Chenye Mwenyewe

Asubuhi hiyo ya Sabato, Henya Lichtman aliondolewa kwenye viti vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha pembeni, karibu na dirisha. Hajamaliza hata kumfuta mtoto udenda, mama mmoja mwenye kofia ya bei mbaya akamwinamia. "Samahani mpenzi, umekaa kiti changu." Henya akainuka. Cha pili kilikuwa cha mkwe wa mtu, na mkwe mwenyewe alikuwa njiani anakuja. Cha tatu kilikuwa na kibandiko cha shaba chenye jina la ukoo, na binti wa miaka kumi na minne, aibu hana, alikigonga kile kibandiko kwa ukucha bila kusema neno. Sala iliyobaki Henya aliisali wima, mgongo ukutani, Raizy wa miezi minane begani.

Viti vya sinagogi ile ya Brooklyn vinalipiwa kwa mwaka. Akina Lichtman hawakuwa wamelipia.

"Leo vingapi?" mumewe Tuvia alimuuliza mezani, akikata mkate wa Sabato.

"Vitatu."

"Wiki iliyopita viwili. Tunapanda cheo, mke wangu."

Henya alicheka kidogo. Tuvia alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hizi mzaha wake ulikuwa na harufu ya uchovu. Kazi yake ilikuwa bili za hospitali, aliifanya kwa kompyuta pale pale jikoni, miguu kwenye kikapu cha nguo chafu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Vyumba viwili, watu watano. Na hata hivyo viwili vilikuwa vinawaponyoka: mwenye nyumba aliyeishi chini yao, Bwana Grosz, alikuwa amepanda ngazi siku ya Jumatano na sahani ya biskuti za mkewe, akawaambia kwamba kuanzia Julai kodi itatoka dola elfu mbili na mia sita hadi elfu tatu na mia tano. Alipomaliza alisubiri arudishiwe sahani.

Juu ya hilo likaja la mwana wao, Anshel. Anshel alikuwa na miaka mitatu na nusu na alikuwa hajasema neno. Alisikia vizuri, alielewa vizuri, alicheka panapochekesha, ila maneno hayakuja. Mkuu wa shule aliyokuwa akisoma dada yake mkubwa, Bluma, aliwapokea kwa dakika saba. "Ni mtoto mzuri sana," alisema. "Lakini nina watoto mia nne wanaosubiri nafasi. Nawashauri mtafute mahali patakapomfaa."

"Wapi?" Henya aliuliza.

"Mahali patakapomfaa," mkuu akarudia, akasimama.

Ndipo wakaanza kutafuta mahali pa kuhamia. Na mtu wetu akihama, hahami tu. Lazima pawe na sinagogi ya kufika kwa miguu, kwa kuwa siku ya Sabato gari halipandwi. Lazima pawe na shule ya watoto, na bafu la wanawake la tohara, na duka lenye nyama halali kwetu. Walipata kiunga chenye nyumba za bei poa kisicho na shule. Wakapata chenye shule, nyumba zake ghali kuliko Brooklyn yenyewe. Wakapata cha tatu chenye vyote viwili, ila bafu, ambamo mke huoga kila mwezi kabla ya kumrudia mumewe, liko mwendo wa saa moja kwa gari. "Huko watoto wataacha kuzaliwa," Tuvia alisema.

Kisha wakaliona tangazo letu. *Linden Hollow, Ohio. Familia changa, karibuni! Nyumba yenye bustani kwa bei ya kibanda. Shule. Sinagogi. Majirani wanaokujua kwa jina. Njooni mkae nasi Sabato moja.* Nyumba waliyotumiwa picha yake ilikuwa dola laki moja na sitini na tano, vyumba vinne, mlango wa buluu, na jumuiya ingewasaidia elfu kumi na tano za kuanzia. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Swali la tisa liliuliza: je, yupo mtoto mwenye mahitaji maalumu?

Henya aliandika: *Hapana.*

"Henya," Tuvia alisema.

"Nikiandika ndiyo, tutapewa biskuti nyingine."

Tuvia hakubishana. Alitia sahihi.

 

Walifika kwetu Ijumaa saa tisa alasiri, mwezi wa Machi, baada ya saa kumi barabarani na kutapika kwa Bluma mara mbili. Walipangiwa kulala kwa Bi Mindel Aufrichtig, mjane wa miaka sabini na minane, mfupi, mpana, mwenye mikono ya kukanda unga. Aliwafungulia mlango kabla hawajabisha.

"Ingieni, ingieni. Supu haijui kusubiri. Huyu nani?"

"Mimi Bluma. Nina miaka sita. Nimetapika."

"Hongera. Na huyu bwana?"

Anshel alimtazama. "Anaitwa Anshel," Henya aliharakisha kusema. "Ana haya tu, ni safari."

"Anshel," Bi Mindel alisema, akiinama kwa tabu hadi nyuso zikalingana. "Unataka supu?"

"Anataka, anapenda sana supu," Henya akajibu.

Bi Mindel alimwangalia mama, akamwangalia mtoto. Kisha akafungua droo, akatoa fungu la vijiko na kumkabidhi Anshel. "Sisi ni wanane leo mezani. Nisaidie." Anshel akazunguka meza, kijiko kimoja kila mahali, akivinyoosha vikae sawa kabisa na ukingo wa meza. Vilipobaki viwili alivirudisha droo mwenyewe.

Usiku ule walikula samaki, supu, kuku, viazi vya kuoka, na mkate wa kusuka uliong'aa kama umepakwa rangi. Mwenyekiti wa kamati ya kukaribisha wageni, Bwana Nachum Feuerman, muuza mazulia, alikuja na mkewe, akaimba kuliko wote, akampiga Tuvia mgongoni mpaka mvinyo ukamwagika.

"Kesho mtaona! Mtaona sinagogi yetu! Hamtapata pa kutia mguu!"

"Watu ni wengi?" Henya aliuliza.

"Wengi? Watoto peke yao! Bi Mindel, mwambie."

"Kula kwanza," Bi Mindel alimwambia Henya, akaondoka kwenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu, na hakurudi na kitu.

Henya hakulitilia maanani. Kila swali alilorushiwa Anshel alikuwa analidaka yeye, kama mlinda mlango. Jina la mwalimu wake? Ana haya. Anapenda nyimbo gani? Zote. Usiku alipolala shingo ilimuuma.

 

Asubuhi sinagogi ilijaa. Kigari cha Raizy hakikupata pa kupita. Watoto walikuwa wanakimbizana kwenye ngazi, wavulana mashati nje, wasichana mikia ya nywele inaruka. Henya alichungulia nyuma ya pazia linalotenga upande wa wanawake, akaona kiti kitupu safu ya tatu, akakaa kwa ncha ya makalio, amejiweka tayari kuinuka.

Hakuja mtu.

Akapita mama mmoja, akapita wa pili. Wote walimtabasamia, wakaenda kukaa kwingine. Henya aliegemea polepole. Kwa mara ya kwanza tangu azae alisali akiwa ameketi tangu mwanzo hadi mwisho, na zilipofika baraka machozi yalimlengalenga. Watu wa hapa wana utu, aliwaza. Watu wa hapa hawana choyo cha kiti.

Mvulana wa miaka kama minane alimvuta mkono wa gauni. "Mama, choo kiko wapi?"

"Mimi mgeni, mwanangu. Muulize mtoto wa hapa."

"Nimeshawauliza wanne," mvulana alisema, amebana miguu.

Henya alicheka, wakaenda kukitafuta pamoja. Kilikuwa nyuma ya chumba cha makoti.

Furaha kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bluma. Darasani kwake Brooklyn walikuwa wasichana thelathini na mmoja, na Bluma hakuwahi kualikwa kwa yeyote mchana wa Sabato. Hilo Henya alilijua, akalimeza, akajifanya halijui. Sasa Bluma alimjia mbio ameshikana mkono na msichana mwenye pengo mbele.

"Mama! Huyu ni Peninah! Naye jino lake limetoka upande ule ule!"

Siku nzima wale wawili hawakuachana. Baada ya chakula cha mchana, yale maharage na nyama yaliyolala motoni tangu Ijumaa, familia ilitembea kwenda kuiona nyumba yenye mlango wa buluu. Siku ya Sabato haizungumzwi biashara, kwa hiyo walisimama tu njiani wakaitazama. Bustani ya nyuma ilikuwa na mti wa tufaha usio na jani. Bluma na Peninah walikuwa wameshagawana vyumba.

"Mimi nitakuja kulala kwako, halafu wewe uje kwangu," Bluma alisema.

"Sawa," Peninah alisema, akatazama viatu vyake.

Tuvia alisogea karibu na mkewe. Alikuwa amenyamaza, na Tuvia kunyamaza ni habari. "Una kiti?" aliuliza.

"Ninacho."

"Hata mimi. Safu ya pili! Hakuna aliyenigusa. Nilidhani nimekufa."

"Kesho tutie sahihi," Henya alisema, mkono mdomoni kwa kuwa ametaja biashara. "Mungu anisamehe."

Jioni Sabato ilipotoka walimkuta Bi Mindel amekaa gizani jikoni, hajawasha taa. "Bi Mindel, nyie mna jumuiya ya ajabu," Henya alimwambia. "Watu wengi namna ile, na hakuna aliyeniondoa kitini."

"Leo, ndiyo," yule bibi alisema. "Leo walikuwa wengi."

 

Jumapili asubuhi Bluma aliamka kabla ya jua na hakutaka hata uji. Peninah alikuwa amelala kwa akina Feuerman, nyumba ya tatu, na walikuwa wameahidiana. Henya alivaa koti juu ya gauni la ndani, akamfuata.

Mbele ya nyumba ya Feuerman lilisimama gari la abiria wanane, mlango wa nyuma wazi. Baba yake Peninah alikuwa anasukuma masanduku. Ng'ambo ya barabara gari jingine lilikuwa linapakiwa. Chini zaidi, la tatu. Yule mvulana wa choo alikuwa dirishani, anakula ndizi.

"Mnasafiri?" Henya aliuliza.

Mama yake Peninah aliiva uso.

"Utarudi lini?" Bluma alimuuliza rafiki yake.

"Sirudi. Kwetu ni Cleveland. Mama mkubwa alisema tuje tujaze."

"Mjaze nini?"

"Sinagogi," Peninah alisema. "Ili mpapende. Mimi nilitaka kukwambia, mama akasema tusiseme mpaka mtie sahihi."

Mama yake alimshika bega akamwingiza garini, na alipofunga mlango alimgeukia Henya kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani mkononi. "Mke wa Nachum ni dada yangu," alisema. "Alilia kwenye simu. Unisamehe."

Bluma hakulia pale pale. Alisimama akapunga mkono mpaka gari likapinda kona. Kisha aliukunja ule mkono, akautazama, akasema, "Mama, kwa hiyo hata hapa sina rafiki," na Henya akambeba, mkubwa alivyo, hadi kwa Bi Mindel.

 

Bwana Feuerman aliingia jikoni kwa Bi Mindel saa nne na nusu, ana faili kwapani na tabasamu usoni. Dalali wa nyumba angefika saa tano. Tabasamu lilidumu hatua mbili.

"Mko wangapi?" Henya aliuliza. Alikuwa amesimama. Tuvia alikuwa mezani, Raizy mapajani. Bluma alikuwa chini ya meza na hakutaka kutoka.

"Bibi Lichtman, jana ilikuwa..."

"Sikuulizi jana. Leo. Jumapili. Mko familia ngapi?"

"Kumi na nne."

"Nachum," Bi Mindel alisema, mgongo umewaelekea, anaosha sufuria iliyokwisha kuwa safi.

"Kumi na tatu. Akina Seltzer wanahamia Florida mwezi ujao."

"Watoto wa shule?"

"Kumi na mmoja."

"Wa rika la Bluma?"

"Watatu. Wawili wavulana." Alijikuna shingo. "Na Tsirel. Ni mtoto mzuri Tsirel. Anang'ata kidogo."

"Na waliobaki wote mmewaazima."

"Familia tano tu," Feuerman alisema, na jinsi alivyosema ilikuwa wazi alidhani hilo lingesaidia. "Ndugu wa mke wangu. Na jirani zao. Na mmoja tulimlipia petroli."

Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako hawakumjua Nachum Feuerman, lakini walimsema yeye. Alikaa bila kukaribishwa. Faili lilimtoka kwapani likaanguka, naye hakuliokota.

"Mimi nimeendesha saa kumi," Henya alisema. "Nimekaa kwenye kiti chenu nikalia kwa furaha. Nilidhani ni ukarimu! Kumbe hakuna aliyeniondoa kwa sababu hakuna aliyekuwa na kiti! Mtoto wangu amempata rafiki wa kwanza maishani mwake, mmempa wa kukodi! Hamna hata haya?"

"Tunayo," Feuerman alisema. "Bibi, sikiliza. Miaka mitatu tuliwaonyesha watu ukweli. Familia saba zilikuja. Tuliwapikia, tuliwaimbia, wakaona sinagogi nusu tupu. Zote zilituandikia kadi za asante. Ninazo dukani kwenye droo, kadi saba, zina maua. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Shule ikishuka chini ya watoto kumi, inafungwa. Shule ikifungwa, mwanangu ataondoka na wanawe. Nitabaki mimi na mazulia." Alifuta uso kwa kiganja, mwanamume mzima wa miaka sitini, kilo mia moja. "Nilidhani mkishapenda, mkihamia, basi mtakuwa ninyi ndio wengi. Nimekosa. Nimekosa sana. Nitamwambia dalali asije."

Anshel alifungua droo.

Alichukua vijiko. Akazunguka meza, akaweka kimoja kwa baba yake, kimoja mahali pa mama yake, kimoja mbele ya Bwana Feuerman, akakinyoosha sawa na ukingo. Akainama akapitisha kimoja chini ya meza kwa dada yake.

"Asante, kijana," Feuerman alisema kwa sauti ya makamasi. "Unaitwa nani tena?"

Henya alivuta pumzi amjibie, kama kawaida. Lakini macho yake yalikutana na ya Bi Mindel, aliyekuwa amegeuka kutoka kwenye sinki, na macho ya yule bibi hayakuwa na ukali wowote. Yalikuwa yanangoja tu. Henya akajua kwamba bibi alishajua. Tangu Ijumaa, mlangoni.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Henya alivuta kiti akakaa.

"Hatajibu," alisema. "Hasemi. Ana miaka mitatu na nusu, hajasema neno. Hatujui kama atasema. Fomu yenu, swali la tisa, niliandika hapana." Alikuwa anamwangalia Feuerman, lakini machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kijiko. "Nimekutukana bure. Nami nimekuleteeni mtoto wa kuazima. Yule niliyemwandika kwenye fomu si huyu."

Bwana Feuerman alikodoa macho. Alimtazama Anshel, akamtazama tena.

"Hilo tu?" alisema.

"Hilo tu? Bwana, shule ya Brooklyn ilimkataa kwa dakika saba!"

"Walimkataa?" Alikuwa hajaelewa kabisa. "Mtoto mzima, ana miguu yake, anapanga meza hivi, wakamkataa? Wana watoto wengi kiasi gani hao?"

"Mia nne wanasubiri."

"Aa." Feuerman aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesimuliwa habari za matajiri. "Sisi hatuwezi. Bibi, tuna viti ishirini na watoto kumi na mmoja. Tukianza kuchagua watoto, tutabaki na viti. Hatuna mtaalamu wa kumfundisha kusema, nisikudanganye tena. Yupo mmoja mjini, nusu saa kwa gari. Mke wangu anaendesha. Bi Mindel haendeshi, tunashukuru Mungu."

"Naendesha vizuri," Bi Mindel alisema.

"Anaendesha vibaya mno."

Kicheko kilitoka chini ya meza. Bluma alitoa kichwa. "Huyo Tsirel," alisema, "anang'ata wapi?"

"Mkononi. Ila akikupenda haachi kukufuata."

Bluma alilifikiria hilo kwa makini.

Henya alimgeukia mumewe. Tuvia naye alikuwa mtu mwenye haki ya kukasirika. "Sema," alimwambia. "Tumedanganywa."

"Ndiyo," Tuvia alisema. "Nami nilikuwa nakasirika, kisha nikawaza. Tangu tuoane, Henya, ni nani aliyewahi kututaka kiasi cha kuhangaika kutudanganya? Grosz hakutudanganya. Mkuu wa shule hakutudanganya. Wale wenye viti walituambia ukweli mtupu kila wiki." Alimhamisha Raizy goti la pili. "Watu wamelipa petroli kwa ajili yetu, mke wangu."

Henya alilia na kucheka pamoja, kilio kibaya, cha pua. Bi Mindel alimletea kitambaa cha vyombo, hakikuwa safi sana. Alipomaliza kujifuta alimnyooshea Feuerman kidole.

"Ila hakuna kuazima tena. Atakayekuja baada yetu ataonyeshwa kilichopo."

"Naapa."

"Usiape, tia akilini."

Kengele ya mlango ililia. Alikuwa dalali, amewahi dakika tano. Anshel alimtazama, akarudi kwenye droo.

 

Walihamia mwisho wa Juni. Sitawaambia kwamba mambo yalinyooka. Paa la nyumba ya mlango wa buluu lilivuja Agosti. Tsirel alimng'ata Bluma mara mbili kabla ya kumpenda, na sasa ukimwona mmoja umewaona wote. Anshel anapelekwa mjini Jumanne na Alhamisi. Hadi leo hajasema, ila ana sauti moja ya nyimbo, na siku akiitoa sinagogini wazee wetu hujifanya hawakusikia ili asiache.

Novemba familia nyingine iliandika kuomba kuja kutazama, akina Pollak kutoka Queens, watoto wawili. Wiki moja kabla, Bwana Feuerman alipita kwa Henya kwa kisingizio cha kupima zulia.

"Nilikuwa nawaza," alisema. "Mke wangu ana binamu wawili, wawili tu, wangekaa ile safu ya nyuma..."

Henya alimtazama.

"Natania," alisema, akaondoka na futi yake.

Sabato ilifika, na sinagogi ilikuwa kama ilivyo, yaani nusu. Mvulana wa Pollak alipouliza choo kiko wapi, Bluma na Tsirel walimjibu kwa pamoja na kumwongoza mbiombio, mmoja kila mkono. Henya alichelewa kwa sababu ya Raizy, anayetembea sasa na hataki kubebwa. Aliposogeza pazia aliona safu ya tatu, mahali pake, ameketi mama mgeni. Amekaa kwa ncha ya makalio, mtoto begani, macho yanazunguka.

Henya alimwendea, akamwinamia.

"Samahani dada," alisema. "Umekaa kiti changu."

Yule mama aliruka. Damu ilimpanda usoni, akaanza kukusanya kitabu, shali, mtoto, anaomba radhi hata kabla hajasimama sawasawa. Henya aliujua ule mruko. Alimwekea mkono begani, akamkalisha tena, taratibu.

"Kaa, kaa. Sikuondoi. Nimekwambia tu ujue kwamba kina mwenyewe. Hivi vyote unavyoviona vimekaliwa, vina wenyewe. Na vitupu ni vitupu kweli."

Mgeni hakuelewa, lakini alikaa. Henya akaketi kiti cha pembeni yake, akampakata Raizy.

"Na wewe umekaa changu," Bi Mindel alisema nyuma yao, amesimama na kitabu chake kifuani.

Basi wakasogea. Viti, hapa kwetu, vipo.